Koti la Mwenye Nyumba

Pale mlangoni alitamka neno moja tu, na halikuwa lile ambalo Bi Pasi alikuwa amejiandaa kulijibu.

"Suti," alisema Mwenye Nyumba.

Wiki nzima mmekaa mkiamini kwamba aliyegonga mlango kwa kishindo kile amefuata kodi. Msijilaumu, hata Bi Pasi aliamini hivyo. Alifungua mlango kopo la kodi likiwa mkononi na maneno ya kubembeleza yakiwa tayari mdomoni. Kodi angeimudu. Suti ndiyo asingeimudu, kwa sababu ile suti ya kijivu ya Mwenye Nyumba wakati huo ilikuwa mtaa wa pili, mwilini mwa mwanamume mwingine, tena imeshalipiwa.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: Bi Pasi ni dobi. Chumba cha mbele ni cha nguo za watu, kimejaa kamba na mvuke. Chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, amelala mumewe, Fundi Rangi, aliyeanguka na ngazi akipaka ghorofa la mtu. Mgongo ukagoma, na nyumba ikabaki kuendeshwa na pasi. Kodi ya miezi mitano ikalala. Mkopo ukalala. Ada ikalala, na binti yao wa pekee akapelekwa kwa mama yake mdogo mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa sawa.

Kule kitandani Fundi Rangi akajipa uwaziri wa fedha. Alikusanya makopo matupu ya rangi, yale madogo, akayapanga kwenye rafu iliyo karibu na mto wake. Kopo la kodi, la mkopo, la shule, la umeme. La hospitali lilikaa juu ya kabati kwa kuwa lilijazwa mara moja tu kwa mwezi. Kila jioni mke alileta pesa na mume akazigawa, na sheria yake ilikuwa moja: kopo haliazimi kopo. Chakula hakikupewa kopo. Kilipata kilichobaki, na siku nyingi hakikubaki kitu.

Bi Pasi alimwambia waziri wake kwamba pesa nene za Jumamosi ni malipo ya kazi za haraka. Ninyi mnajua zilikotoka. Suti ililetwa Jumatatu, mwenyewe akaambiwa aje wiki ijayo, na hapo katikati ikakodishwa kwenda harusini au kwenye usaili wa kazi, ikarudi, ikafuliwa, ikapigwa pasi. Mwenyewe aliipokea akasifu kazi. Na katika nguo zote, iliyogombaniwa ni ile ya kijivu. Kwa ufupi, Bi Pasi alikuwa akimlipa Mwenye Nyumba malimbikizo yake kwa pesa iliyochumwa na koti lake mwenyewe.

Sasa turudi mlangoni.

"Tulisema Jumatatu, Mzee," alisema Bi Pasi.

"Tulisema. Lakini leo alasiri watu wanakuja kumposa binti yangu. Sitawapokea na kaptura."

Mwenye Nyumba alicheka, na hilo lilitisha zaidi, maana tangu wapange pale hawajawahi kumwona meno. Akaketi kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa na kuanza kueleza. Mchumba ni kijana mtulivu, anauza katika duka la dawa, hana makuu. Binti amempenda. Mama yake amepika tangu alfajiri.

Duka la dawa. Bi Pasi aliposikia hivyo alishika meza ya kupigia pasi.

Asubuhi ile ile, Kijana wa Duka la Dawa alikuwa amesimama pale pale, akijigeuza mbele ya kioo kilichopasuka, ndani ya suti ya kijivu. Bi Pasi alikuwa na desturi moja, na aliishika kama sala: kabla koti halijatoka, humuuliza mteja linakwenda wapi, lisije likakutana na mwenyewe. Alimuuliza. Kijana akamjibu kuwa ni mtaa wa juu, ukweni, akaomba aombewe heri. Bi Pasi akaona mtaa wa juu ni mbali, akamruhusu. Hakuwahi kujua Mwenye Nyumba anaishi wapi. Angejuaje? Nani huenda kumtembelea mwenye nyumba? Yeye ndiye hutembelea watu, kila mwisho wa mwezi.

"Mbona kimya?" aliuliza Mwenye Nyumba.

Nyuma ya pazia sauti ya Fundi Rangi ilisikika, ikikwaruza kidogo. Alimsalimu Mzee, akampa pongezi za binti, kisha akamwambia mkewe amkabidhi kopo la kodi papo hapo, siku ya heri deni lisilale. Hesabu yake ilikuwa imetimia leo: ukiongeza pesa ya leo asubuhi, malimbikizo yameisha.

Pesa ya leo asubuhi, wasomaji wangu, ilikuwa ya Kijana wa Duka la Dawa.

Bi Pasi alimimina kopo juu ya meza. Mwenye Nyumba alihesabu kwa kidole kilicholoweshwa mate, akahesabu tena, akazitia mfukoni. Halafu alisema maneno ambayo Bi Pasi alikuwa ameyangoja mwaka mzima.

"Hatudaiani."

Basi, lilikuwa jambo la kulia kwa furaha. Bi Pasi alikuwa amekwisha kuipigia mstari siku hii. Kodi ikiisha, pesa yake ihamie shule, na binti arudi nyumbani, alale kwenye godoro lake pale chini ya kamba. Alikuwa amelifua shuka la mtoto, amelikunja na kuliweka tayari. Na sasa neno lenyewe limetamkwa na yeye hawezi hata kulifurahia, kwa sababu mtamkaji ameketi anangoja suti.

"Mzee," alisema, na uongo ukamjia wenyewe, "nakuomba radhi. Suti yako ilishika kutu ya kamba ya waya begani. Nimeiloweka tangu jana. Siwezi kukutia aibu mbele ya wakwe."

Meno ya Mwenye Nyumba yakapotea.

Kabla hajasema lolote, sauti ilitoka tena nyuma ya pazia. "Mpe yangu."

Bi Pasi aliingia ndani. Suti nyeusi ya Fundi Rangi, ile aliyomwoa nayo, ilikuwa imening'inia kabatini kwenye mfuko wa nailoni. Hakuikodisha hata mara moja, ingawa iliombwa. Mumewe alikuwa chali kama kawaida, macho kwenye dari, na kopo la hospitali lilikuwa kifuani pake, akilizungusha kwa vidole.

Wewe na mimi tungeuliza nani alilishusha kutoka juu ya kabati. Bi Pasi alikuwa na haraka, hakuuliza.

Suti ilimkaa Mwenye Nyumba vizuri kiasi cha kuudhi. Akajitazama kwenye kioo, akasema kumbe fundi rangi naye alikuwa mtu, akaondoka.

Bi Pasi hakungoja hata vumbi la viatu vyake litulie. Alizima pasi, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka mbio kwa njia ya nyuma. Alikuwa na jambo moja akilini: akimvua kijana koti, ataipeleka suti mtaa wa juu mwenyewe, aseme kutu imetoka, na deni lililokufa libaki limekufa.

Alimkuta nje ya duka la dawa, karibu na gari la kukodi, anapangusa viatu. Alimvuta kando akamwambia kila kitu kwa mkupuo. Kijana alisikiliza, na rangi ikamtoka usoni.

"Kwa hiyo hii ni ya baba mkwe?"

"Ni yake. Vua, mwanangu. Nitakurudishia pesa yako." Pesa hiyo hakuwa nayo tena, lakini aliahidi.

"Nivue niende na nini? Nimeuza saa nikanunua viatu, mama. Shati lenyewe la kaka."

Bi Pasi alikuwa bado anatafuta jibu pale shangazi wa kijana alipotoka na mkoba mkubwa, akauliza huyu mama ni nani. Nafasi ya kumvua mtu koti mbele ya shangazi yake haipo. Bi Pasi alisema yeye ni dobi, amekuja kumalizia kola. Akaikunja kola, akainyoosha, akakung'uta mabega yasiyo na kitu. Shangazi akasema siku hizi madobi wa namna hiyo hawapo, akamwombea Mungu ambariki.

Kijana alimnong'oneza kwamba suti za kijivu zimejaa duniani. Hilo lilikuwa kweli, na kwa dakika chache Bi Pasi alilishika kwa mikono miwili. Lakini suti hii alikuwa ameitia alama yeye mwenyewe. Zamani Mwenye Nyumba alisahau kalamu ndani, wino ukavuja, na Bi Pasi akaziba doa kwenye bitana kwa kiraka alichoshona na uzi wa bluu, kwa kuwa uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha na wa kununua haukuwa kwenye kopo lolote. Mwenye Nyumba aliuona uzi ule kila alipovaa, na kila alipouona alilalamika.

"Usifungue vifungo," alimwambia kijana. "Hata jasho likutoke kama maji, usifungue."

Gari likaondoka.

Alirudi nyumbani akawasha pasi, kwa sababu nguo za watu hazingoji. Alipiga pasi mashati bila kuyaona. Mumewe alimuuliza alikotoka, akasema ameenda kununua sabuni. Akamuuliza sabuni iko wapi, akasema imekwisha dukani. Fundi Rangi akaendelea kulizungusha kopo lake.

Jioni, jua likiwa bado kwenye mabati ya jirani, mlango uligongwa. Safari hii uligongwa polepole, kwa kistaarabu, na Bi Pasi akajua kabla ya kufungua.

Mwenye Nyumba alikuwa bado ndani ya suti nyeusi. Ya kijivu ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa vizuri, bitana ikiwa juu.

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Aliingia, akaketi kwenye benchi lile lile, akaeleza mambo kwa utaratibu kama mtu anayesimulia msiba wa mbali. Wageni walifika, wakakaribishwa, wakala. Mchumba alitokwa jasho mpaka mama mkwe akamwonea huruma akamwomba avue koti. Akakataa. Mara ya pili akakataa. Wazee wakampenda kwa adabu yake. Kisha mjomba wake akamwambia atoe bahasha ya posa, na bahasha ilikuwa wapi? Mfuko wa ndani. Alifungua kifungo kimoja, na uzi wa bluu ukamkodolea macho Mwenye Nyumba mbele ya wazee wa pande zote mbili.

"Nilinyamaza," alisema. "Binti yangu alikuwa amekaa pale anachekelea. Ningesema nini?"

Baadaye alimwita mkwe chumbani, akafunga mlango, na kijana akamwaga yote. Bei. Jumamosi. Hata wenzake wawili waliowahi kulivaa koti hilo na kumwelekeza kwa Bi Pasi.

"Na posa, Mzee?" aliuliza Bi Pasi. Sijui kwa nini aliuliza hilo kwanza. Pengine moyo wake ulikuwa umebaki kwa yule binti.

"Posa nimepokea. Kijana hana kosa. Yeye alilipa."

Hapo ndipo Bi Pasi alipopata ujasiri wa mtu asiye na pa kukimbilia. Alisema kwamba suti ile ameifua kila mwezi bila kulipwa hata senti, na mashati yake, na mapazia ya mke wake, kwa sababu Mzee alisema hiyo ni shukrani kwa uvumilivu wake. Alisema amechomwa na pasi, ameumwa na kifua, na hakuna siku aliyomwona Mzee akivaa koti lile ila kwenye mikutano miwili mitatu. Alisema lilikuwa linakaa tu. Sauti ilimpanda, kisha ikamshuka yenyewe.

Mwenye Nyumba alisubiri amalize.

"Sikiliza, mama. Koti ni la nani?"

"Lako, Mzee."

"Pesa iliyoletwa na koti langu ni ya nani?"

Bi Pasi alikitazama kiraka cha uzi wa bluu.

"Basi ulikuwa unanilipa pesa yangu. Mtu hulipa kodi kwa pesa yake, halipi kwa pesa ya mwenye nyumba." Alijipapasa mfuko zilimokaa pesa za mchana. "Hizi nimechukua, ni zangu. Za nyuma zilikuwa zangu. Kodi yako hujalipa. Miezi mitano iko pale pale ilipokuwa."

Wasomaji wangu, nimeigeuza hesabu hiyo kila upande wiki hii nikitafuta mahali pa kumshinda yule mzee. Dhuluma yake naiona, lakini pa kuikamata sipaoni. Bi Pasi naye hakupaona. Alisimama katikati ya kamba zake, nguo za watu zikimgusa masikio, akaona mwaka mzima wa kukesha ukirudi mwanzo.

Mwenye Nyumba alisimama. Alisema anataka miezi yote mitano mkononi Jumatatu jua likichomoza. Asipoiona, ataweka kufuli, na kabla ya kufuli atapita kwa kila mwenye nguo iliyomo humu ndani, mmoja mmoja, awaeleze nguo zao huwa zinalala wapi Jumamosi. Kuhusu suti nyeusi, atabaki nayo iwe rehani.

"Hiyo ni ya mume wangu," alisema Bi Pasi. "Ndiyo aliyonioa nayo."

"Hata ya kwangu ilikuwa yangu," alisema Mwenye Nyumba, akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya shati la mtu. Bi Pasi alinusa kuungua, akaichomoa, akatazama alama ya kahawia mgongoni mwa shati, na hata hilo halikumuuma. Hakukuwa na nafasi ya kitu kingine kuuma. Alichokuwa anaogopa sasa ni pazia. Nyuma yake kulikuwa na mtu aliyesikia kila neno, mtu aliyegawa pesa zile senti kwa senti akiamini ni jasho la halali, aliyekataza kopo kuazima kopo. Alijiambia kwamba hata akimtukana atanyamaza. Alijiambia mtoto atabaki kwa mama yake mdogo, labda mpaka amalize shule, kama ataimaliza.

"Mume wangu," aliita.

Kitanda kililia.

Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba alifanya vile kwa ajili yao, kwamba alitaka tu mtoto arudi, na kwamba kama anataka kumwacha amwache kesho, leo hana nguvu za kuachwa. Alisema akiwa ameligeuzia pazia mgongo, anakunja shati lililoungua kana kwamba kulikunja kutalitengeneza.

Pazia lilivutwa.

Alisikia nyayo na akafikiri Mwenye Nyumba amerudi. Aligeuka. Fundi Rangi alikuwa anapita katikati ya kamba, wima, mkono mmoja umebeba kopo la hospitali, mwingine ukisogeza nguo za watu zisimguse uso. Hakushika ukuta wala meza. Alikwenda hadi mlangoni, akausukuma, akatia komeo la juu, lile ambalo hata Bi Pasi hulifikia kwa kupanda kigoda.

Bi Pasi alikumbuka beseni la maji ambalo amelibeba kila asubuhi. Alikumbuka kumgeuza ubavu huu na ubavu ule. Alikumbuka mikono yake chini ya kwapa za mtu huyu, akimwinua, akimwambia jikaze baba, tutafika.

"Unatembea," alisema.

Fundi Rangi aliweka kopo juu ya meza ya kupigia pasi, kati yao. Ndani hakukuwa na mlio wa sarafu.

"Tangu lini?"

Alipojibu alikuwa anatazama shati lililoungua, hakumtazama yeye.

"Tangu kabla hujakodisha koti la kwanza."